Chakula cha siku tatu mgongoni: kuandaa na kufunga vyakula vinavyoharibika upesi kwa safari za miguu Dodoma na Kanda ya Kati

Mara ya kwanza kuwapeleka wenzangu kuona michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, nilibeba hotipoti kubwa ya wali wa nazi. Niliupika saa nne usiku, nikaufunga ukiwa bado unafuka moshi, na tukaja kuufungua kesho yake saa saba mchana kwenye kivuli cha mwamba. Ulikuwa vuguvugu na unanukia vizuri. Kabla jua halijazama watatu kati yetu walikuwa wanatapika, na mmoja tulimteremsha tukiwa tumemshika huku na huku. Nilikuwa nimenawa, sufuria ilikuwa safi, nazi ilikuwa mpya. Nilichokosa ni kujua hotipoti inafanya nini.

Kazi ya hotipoti ni kuchelewesha chakula kupoa. Chakula kikiwa juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, vijidudu haviongezeki. Kikiwa chini ya nyuzi 5, baridi ya friji inayofanya kazi vizuri, vingi huongezeka polepole mno. Hatari iko katikati, na hotipoti iliyolala usiku kucha hukipitisha chakula hapo katikati taratibu, saa baada ya saa. Mchele una hatari yake ya ziada: kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi hata maji yakichemka. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Tui la nazi nalo huharibika upesi. Kwa hiyo hotipoti ibebe chakula kitakacholiwa ndani ya saa tatu au nne. Zaidi ya hapo, iache nyumbani.

Kanuni inayotumika kwingi duniani ni kwamba chakula kilichopikwa, au nyama mbichi, kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 kisizidi saa 1. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, mchana wa Dodoma unafika huko kwa urahisi, na ndani ya shanta lililoachwa juani joto ni kubwa kuliko la nje.

Kila chakula kina siku yake ya kufa

Ninapopanga chakula cha siku tatu, simuulizi mtu anapenda kula nini kwanza. Nauliza kipi kitakufa kwanza. Siku ya kwanza tunakula vyenye maji: nyama iliyoganda, mchicha, nyanya zilizoiva. Siku ya pili tunakula vilivyopungua maji au vyenye ganda lake: mayai, karoti, kabichi, viazi vitamu, chapati kavu. Siku ya tatu ni ya vilivyokauka kabisa: nyama kavu, dagaa, mlenda, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga. Watu wengi hufanya kinyume, wakaweka nyama nzuri "ya mwisho wa safari", na siku ya tatu wanaitupa.

Kanda hii ina jambo moja la kujivunia. Tangu Mei hadi Novemba, upepo wa Dodoma ni mkavu kiasi kwamba kanga iliyofuliwa asubuhi inakunjwa kabla ya saa sita. Upepo huohuo unaonyausha mboga zako ndani ya begi ndio unaoweza kukukaushia chakula bila umeme, na kukipoza kwa kitambaa chenye maji. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga, kwenye hewa nzito ya pwani, hana bahati hiyo.

Wiki moja kabla: kukausha

Anza na mboga, kwa kuwa ni rahisi na hazidai uangalifu mkubwa kama nyama. Ukipata mlenda mkavu sokoni, kwa mfano Majengo, nunua tu, maana akina mama wa Kigogo wamekuwa wakikausha na kusaga mboga hii ili iwafikishe kiangazi, na unga wao ni mzuri kuliko tutakaoutengeneza mimi na wewe. Majani ya kunde au matembele unaweza kuyakausha mwenyewe. Yaoshe, yatumbukize kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, yachuje, kisha yatandaze kwenye ungo kivulini, mahali penye upepo. Jua kali huyababua rangi na kupunguza vitamini. Siku mbili za kiangazi zinatosha. Jirani yangu, mama mtu mzima, alichukua majani yangu ya kwanza akayaminya karibu na sikio langu. "Mwanangu, sikiliza. Haya bado yananong'ona. Yakikauka yanalia kama karatasi." Kipimo changu mpaka leo ni hicho.

Nyanya zikate vipande vyembamba, nyunyizia chumvi, anika juani juu ya wavu uliofunikwa kwa chandarua. Huchukua siku mbili hadi nne. Viazi vitamu chemsha, menya, kata, anika mpaka vigumu kama ubao: ndiyo matobolwa, chakula ambacho watu wa Shinyanga na Tabora wanakijua tangu utoto na ambacho hutafunwa kikavu ukiwa unatembea, au hulowekwa usiku kwa ajili ya kifungua kinywa.

Nyama inataka umakini zaidi, na hapa nakuomba usitafute njia ya mkato. Nunua steki ya ng'ombe isiyo na mafuta, kwa sababu mafuta hayakauki, yanachacha. Iweke kwenye friza mpaka iwe ngumu nusu, ndipo kisu kitakata vipande visivyozidi nusu sentimita kwa unene. Kata kufuata nyuzi za nyama. Chemsha vipande hivyo kwa dakika kama kumi kwenye maji yenye chumvi ya kutosha, kijiko kikubwa kilichojaa kwa lita moja, pamoja na tangawizi na pilipili manga. Wapo wanaokausha nyama mbichi moja kwa moja, na wapo walioila maisha yao yote. Mimi nachemsha kwanza, maana upepo unakausha tu, hauui vijidudu, na porini hakuna zahanati.

Chuja, kisha tundika vipande asubuhi na mapema kwenye waya au kamba safi, kivulini penye upepo, chandarua kikizunguka pande zote ili inzi wasitue. Jioni ya siku hiyohiyo imalizie juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo sana, au kwenye oveni, mlango ukiwa wazi kidogo. Usiiache nje usiku. Umande utairudisha nyuma. Siku ya pili itundike tena. Ikikunjwa inapaswa kupasuka na kuonyesha nyuzi kavu, bila unyevu katikati. Kilo moja ya nyama mbichi hubaki kama theluthi yake, na huo ndio uzuri wake begani.

Kisha iweke kwenye kopo la kioo lililofungwa, na uliangalie kwa siku mbili. Ukiona ukungu wa maji ndani ya kioo, nyama haijakauka: itoe, irudishe kwenye moto mdogo. Ukiona kuvu, tupa yote. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, usijaribu kazi hii bila oveni. Hewa imebadilika, na nyama itaoza ikiwa kambani.

Kwenye karanga na unga wa mahindi kuna jambo zito. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka zilizohifadhiwa vibaya. Kupika hakuiondoi. Chambua karanga zako moja moja kabla ya kukaanga, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ladha chungu. Fanya hivyo nyumbani kwenye mwanga, maana porini gizani mkono unachota tu.

Siku mbili kabla: kugandisha

Nyama ya usiku wa kwanza iwe nusu kilo hadi kilo moja, bila mfupa, imekatwa tayari kwa kupika, imetiwa chumvi, tangawizi na ndimu. Iweke kwenye kopo la mfuniko unaobana, igande kwa siku mbili kamili. Ikigandishwa usiku mmoja huwa ngumu nje na laini ndani. Pembeni yake gandisha chupa ya maji ya lita moja na nusu, ukiacha nafasi juu maana barafu huvimba. Chupa hiyo ni friji yako mchana, na jioni ni maji ya kunywa.

Kama huna friza, usibebe nyama mbichi kabisa. Panga njia yako ipite kijijini jioni ya kwanza, ununue kuku wa kienyeji. Kuku aliye hai haharibiki. Anachinjwa, anapikwa na kuliwa jioni hiyohiyo, na hela inabaki kwa mwenyeji. Ukanda wa Singida unasifika kwa kuku hao, na kwa kweli napenda njia hii kuliko ya friza.

Wasio na friji ya kuhifadhia mboga kabla ya kuondoka wana chungu ndani ya chungu: vyungu viwili vya udongo, mchanga kati yake, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, na kitambaa kibichi kinafunika juu. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alikisambaza kifaa hiki vijijini kwao miaka ya 1990. Hufanya kazi vizuri pale penye hewa kavu, na Dodoma ya kiangazi inafaa sana. Weka ndani hoho, karoti, bilinganya. Maziwa na nyama usiweke, baridi yake haitoshi.

Jioni ya kuamkia safari

Kanda chapati kwa maji na mafuta ya alizeti, bila tui wala maziwa, na uzipike zikauke kidogo kuliko unavyopenda nyumbani. Ziache zipoe kabisa, zimetandazwa, kabla ya kuzifunga. Chapati ya moto ikifungwa hutoa jasho, na jasho ndilo linaloleta kuvu. Zikipoa, zifunge kwenye kitambaa safi cha pamba ndani ya mfuko wa kaki. Zinakaa siku mbili vizuri. Mkate laini wa dukani unapondeka na kuota kuvu, uache.

Mayai chagua mabichi, ya kienyeji, na usiyaoshe. Yai lina utando wake wa asili unaoziba vitundu vya ganda, na kuliosha ni kuuondoa. Kama lina uchafu, lifute kwa kitambaa kikavu. Yazike ndani ya kopo la unga wa ugali, yasigusane. Huko yamekingwa na mtikisiko, na unga utaupika hata hivyo. Lolote litakalopasuka njiani litupe pamoja na unga uliolowa. Watu wengi huona kuyachemsha ndiyo usalama, kumbe yai la kuchemsha bila friji linaharibika mapema kuliko bichi. Ukitaka ya kuchemsha, yapike alfajiri na yaliwe ndani ya saa mbili, garini. Mabichi yapikwe mpaka kiini kigande.

Maziwa beba ya unga, au ya pakiti ndogo yanayokaa nje ya friji, pakiti moja kwa kikao kimoja, kwani ikifunguliwa haingoji. Ukipewa maziwa na wafugaji njiani, shukuru, kisha yachemshe. Maziwa mabichi huweza kubeba ugonjwa wa brusela. Kwa mafuta, samli inastahimili joto kuliko siagi. Na usiloweke vitunguu saumu kwenye mafuta ukavibeba siku kadhaa, ingawa vinanukia vizuri: ndani ya mafuta hakuna hewa, na huko hukua kijidudu chenye sumu ya kupooza mwili. Beba punje nzima, uzimenye kambini.

Matunda hayana maneno mengi. Ndizi na parachichi beba ngumu. Ndimu hazikusumbui. Zabibu za Dodoma, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, chukua vichala vyenye kikonyo kibichi cha kijani, usivioshe mpaka wakati wa kula, na uvifunge kwenye kopo gumu. Zile zilizoanza kulainika ziachie zabibu kavu.

Kufunga shanta

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kwa mboga hilo halikutupunguzia kitu. Kabichi na karoti zikifungwa kwenye plastiki hutoka jasho na kuoza. Tumia kitambaa cha pamba, karatasi ya kaki, makopo yenye mfuniko. Kanga mbili kuukuu zina kazi zaidi ya ishirini.

Nyama iliyoganda na chupa ya barafu vikae pamoja, vifungwe kwa magazeti tabaka nyingi, kisha kanga, kisha vizamishwe katikati ya shanta, vikizungukwa na blanketi au nguo. Mgongo wako una joto, hivyo visikae upande wa mgongo. Chini kabisa weka vizito visivyopondeka: viazi, vitunguu, makopo. Juu kabisa weka chakula cha mchana na vitu vya kutafuna, ili usifungue shanta mara kwa mara. Kila unapoligusa lile fungu la barafu unaipunguzia nyama saa zake. Nyama mbichi ifungwe mara mbili, mbali na chochote kitakacholiwa bila kupikwa.

Kwenye basi shanta lenye nyama lisiingie kwenye buti, ambako joto la injini na jua la bati hukutana. Lipakate, kaa upande usio na jua. Ukitoka Dodoma asubuhi kuelekea Kondoa au Babati, upande wa kulia ndio unaopigwa na jua, kwa kuwa gari linakwenda kaskazini.

Kwa uzito, gramu 700 hadi 900 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku zinatosha. Maji ni hesabu nyingine. Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, usitegemee kupata maji juu, kwa hiyo chakula kinachodai kulowekwa sana hakifai huko. Pale beba chapati, karanga, nyama kavu, asali. Faida yake ni kwamba usiku wake ni wa baridi.

Njiani na kambini

Mboga na matunda vipozwe kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, kikizungushwa kwenye kopo au mfuko na kuning'inizwa nje ya shanta, kivulini, upepo ukipita. Maji yanapokauka huchukua joto. Lowesha tena kila kikikauka. Njia hii haifiki baridi ya friji, kwa hiyo nyama usiikabidhi kwake.

Ukifika kambini, kazi ya kwanza ni nyama, kabla ya hema na kabla ya picha. Iguse: kama bado ni baridi kama maji ya friji, pika yote jioni hiyo. Kama imeshakuwa vuguvugu na hujui tangu lini, izike mbali na kambi, hata kama hainuki. Pua haikutuambia kitu siku ile Kolo. Pika kiasi kitakachoisha. Kiporo hakilali porini, na asubuhi hakuna friji ya kukipokea.

Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kwenye bakuli moja la watu wote. Lita moja kwenye chupa iliyotobolewa mfuniko huwanawisha watu wengi ajabu. Usiku chakula chote kining'inizwe juu ya tawi, mbali na mnapolala. Fisi wanafuata harufu ya mifupa na mafuta, na mchana tumbili hawahitaji kualikwa. Kwenye michoro ya Kolo, ambayo tangu 2006 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, usiwashe moto wala usipikie chini ya miamba. Moshi huganda juu ya rangi zilizotunzwa na mababu zetu, na hakuna wa kuzirudisha.

Mtu akianza kuharisha, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari, bapa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Usizidishe chumvi. Akitoa damu, akishindwa kubakiza maji tumboni au akilegea sana, safari imeisha, mteremsheni. Sukari na chumvi hizo nazipima nyumbani na kuzifunga kwenye karatasi, mbili kwa kila safari.

Mchana wa siku ya tatu, shanta likiwa jepesi, nachemsha maji nusu lita, natia nyama kavu iliyokatwa vidogo na nyanya kavu kwa dakika kumi na tano mpaka zilainike. Kisha nanyunyizia unga wa mlenda taratibu huku napekecha, na mwisho karanga zilizopondwa. Ugali unasongwa kwa ule unga uliokuwa umebeba mayai, kama hakuna lililopasuka. Pembeni kikombe cha unga wa ubuyu uliokorogwa na maji na asali. Kopo likibaki na nyama kavu, nalifungua nyumbani, naikagua kwa macho na kuivunja, na iliyo kavu inarudi kwenye kioo kusubiri safari nyingine, ndani ya wiki mbili.